Batri ya gari haishiki chaji? Pimeni kwanza, mununue nyuma



Katika numero zilizopita tuliongea juu ya mbegu, mbolea na kukausha mavuno. Leo tunaongea juu ya gari. Kuna wale watauliza: mtu wa kilimo anaingia namna gani kwenye mambo ya batri? Jibu ni fupi. Unaweza kulima vizuri, kupalilia vizuri, kuvuna nyanya nzuri sana, halafu siku ya soko gari ya koperative inakataa kuwaka. Nyanya hazingoji. Viazi vikilala kwenye mvua kando ya barabara vinaoza. Hasara ile tunaihesabu shambani, lakini ilianzia kwenye moteri.

Gari nyingi za koperative zetu ni za zamani: Land Rover Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, Toyota Land Cruiser za BJ na HJ, pikapu za Peugeot 404 na 504. Kule Ulaya gari kama hizi kuna watu wanaozitunza gereji na kuzitoa siku ya Jumapili tu, kwa kutembea. Kwetu zinabeba mihogo, kahawa na wagonjwa. Ni gari za nguvu, na fundi anaweza kuzifungua kwa funguo chache. Lakini ugonjwa mmoja unarudi kila mara: batri haishiki chaji. Na dawa inayotumiwa mara nyingi ni kununua batri ingine. Miezi mitatu haijaisha, ile mpya nayo imekufa.

Hapo ndipo maneno yanaanza. Memba wanasema shofere aliuza batri ya kweli akaweka ya zamani. Shofere anasema komite ilitafuta ya bei chini. Mwenye kushika feza anaangaliwa vibaya. Mkutano unaharibika, na wengine wanaacha kulipa mchango. Kumbe mara nyingi hakuna mwizi. Kuna waya mmoja uliooza.

Kwa hiyo neno la leo ni hili: batri mara nyingi si yenyewe yenye kosa. Muhogo ukipata majani yenye madoa ya njano na kujikunja, hatukimbilii kumwaga mbolea, kwa sababu ugonjwa ule wa mozaiki unaletwa na virusi na mbolea haiuponyeshi. Tunatafuta kwanza chanzo. Kwa gari ni vile vile.

NJIA YA UMEME NDANI YA GARI

Batri ni ghala. Haitengenezi umeme, inautunza tu. Umeme unatengenezwa na alternatere, ile mashine ya mviringo iko kando ya moteri. Mkanda, ule mafundi wanaita kuruwa, ndio unaizungusha. Regilatere inaamua umeme gani unapita, usiwe kidogo wala kupita kipimo. Waya nene inapeleka umeme kwenye plus ya batri, na umeme unarudi kwa njia ya chuma cha gari, ndiyo tunaita masi. Kwa hiyo kuko vitu vitano: mkanda, alternatere, regilatere, waya pamoja na masi, na batri. Kimoja kikigonjwa, ghala inabaki tupu. Kununua ghala mpya hakuleti mavuno.

Gari za umri zaidi, kama Land Rover Series II, zina dinamo pahali pa alternatere. Dinamo inatoa umeme kidogo sana moteri ikizunguka polepole, hivyo usishangae taa zikififia gari ikiwa imesimama. Tena zingine za miaka ile zimefungwa plus kwenye masi, si minus. Angalieni vizuri kabla ya kufunga batri, maana kuigeuza kunaunguza vitu.

CHOMBO CHA KAZI

Koperative inunue mita ndogo ya kupima volti, ile yenye waya mbili, nyekundu na nyeusi. Inauzwa kwa wenye kutengeneza simu na radio, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya batri. Igeuzeni kwenye volti za DC, alama ya 20. Waya nyekundu kwenye plus, nyeusi kwenye minus. Mtu yeyote anayejua kusoma mizani anaweza kuisoma.

Vipimo vyote hapa chini ni vya gari ya volti 12. Kama yenu ni ya volti 24, kama kamiyo nyingi na Land Cruiser zingine za dizeli, muzidishe mara mbili.

KIPIMO CHA KWANZA: ASUBUHI, KABLA YA KUWASHA

Gari iwe imelala usiku mzima, kila kitu kimezimwa.

– Volti 12,6 ao zaidi: batri imejaa.
– Volti 12,4: imebaki robo tatu.
– Volti 12,2: imebaki nusu.
– Volti 12,0: imebaki karibu robo.
– Chini ya 11,9: iko karibu tupu.

Batri ya volti 12 ina vyumba sita, kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo. Kama mulichaji batri siku nzima, kisha ikapumuzika, na mita bado inaonyesha karibu 10,5, ni dalili kubwa kwamba chumba kimoja kimekufa. Batri ile haiponi. Hapo, ndiyo, mununue ingine.

KIPIMO CHA PILI: WAKATI WA KUWASHA

Mtu mmoja anaangalia mita, shofere anazungusha demarere. Volti zitashuka, ni kawaida. Lakini kama batri ilikuwa na 12,6 na sasa inaanguka chini ya 9,6, mara nyingi batri imechoka ndani, hata kama ilionekana imejaa. Kabla ya kuihukumu, angalieni vichwa vyake. Ule unga mweupe ao wa kijani unaziba umeme. Toeni kose (munaanza na ile ya masi), mumwage maji ya moto kidogo yenye bikarbonati, musugue mpaka chuma kingae, mufunge nguvu, kisha mupakae vazelini juu. Maji yale yasiingie ndani ya batri. Kazi hii ni ya dakika 20, na mara nyingi inatosha kurudisha gari barabarani.

KIPIMO CHA TATU: MOTERI INAZUNGUKA

Hiki ndicho kipimo kikubwa. Washeni, mukanyage akselereta kidogo ili moteri izunguke katikati, mupime tena kwenye batri.

– Kati ya 13,8 na 14,4: chaji ni nzuri.
– Inabaki 12 na kitu, sawa na mbele ya kuwasha: alternatere hairudishi kitu, ao umeme haufiki.
– Inapanda kupita 15: regilatere imeharibika, umeme unapita kipimo.

Nyuma ya hapo washeni taa kubwa. Volti zikianguka chini ya 13 hata mukikanyaga akselereta, chaji ni dhaifu. Sasa tuone kila njia.

KAMA CHAJI HAIFIKI

Kwanza, mkanda. Bonyezeni kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Unapaswa kuingia karibu sentimeta moja. Ukiingia zaidi, umelegea na unateleza, hasa wakati wa mvua ao mukiwasha taa. Ukilia asubuhi kama mtoto wa mbuzi, huo ndio ujumbe wake. Mkanda uliokwisha unashuka mpaka unagusa chini ya mfereji wa puli. Huo hata ukikazwa hautashika, ni wa kubadilisha.

Pili, taa ndogo nyekundu ya batri kwenye dashibodi. Shofere ageuze funguo bila kuwasha moteri. Taa ile inapaswa kuwaka. Moteri ikiwaka, inapaswa kuzima. Kama haiwaki kabisa, musifurahi. Katika gari nyingi za zamani umeme kidogo unaopita kwenye taa ile ndio unaamusha alternatere. Balbu ndogo ikiungua, alternatere inaweza kubaki imelala, na koperative inanunua alternatere nzima kwa sababu ya balbu. Kama taa inabaki na mwanga hafifu moteri ikizunguka, chaji si kamili: tafuteni waya uliolegea, ao diodi moja ndani ya alternatere imekufa.

Tatu, waya na masi. Moteri inazunguka, taa kubwa zimewaka. Wekeni waya nyekundu ya mita kwenye plus ya alternatere, nyeusi kwenye plus ya batri. Mita inapaswa kuonyesha karibu sufuri. Ikionyesha 0,5 ao zaidi, umeme unapotelea njiani: waya imeoza ao screw imelegea. Kisha upande wa masi: waya moja ya mita kwenye mwili wa alternatere, ya pili kwenye minus ya batri. Ikipita 0,2, masi ni mbaya. Angalieni mikono isikaribie mkanda na panka.

Kwa Land Rover, jambo la masi ni la kuangalia sana. Mwili wake ni wa aluminiyumu, shasi ni ya chuma. Pale vinapokutana, maji na vumbi vinaleta kutu na umeme unakatika. Toeni waya ya masi, musugue mpaka chuma cheupe kionekane, mufunge tena. Angalieni pia ule mshipi wa waya unaounga moteri na shasi. Kama umekatika, umeme unatafuta njia ingine, hata kwenye kamba ya akselereta. Kamba ile ikiwa moto wakati wa kuwasha, mujue mshipi haupo.

Nne, makaa ya alternatere, ndiyo mafundi wanaita sharbo. Ni vipande viwili vidogo vinavyosuguana na kuisha, kama sabuni. Kama mkanda, taa na waya viko vizuri, mwambieni fundi afungue na awaonyeshe sharbo. Zikiwa fupi sana, abadilishe hizo tu. Fundi akisema alternatere imekufa, mumuulize: ni sharbo, ni diodi ao ni regilatere? Fundi mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Onyo kwa wenye Land Cruiser za dizeli. Katika nyingi, nyuma ya alternatere kuko pompe ndogo inayonyonya hewa kwa kusaidia freni. Mukitoa mkanda ao alternatere ili gari itembee tu mpaka fundi, freni zinakuwa nzito sana. Kwenye miteremko yetu, hilo ni neno la maisha na kifo.

KAMA CHAJI NI NZURI LAKINI ASUBUHI BATRI IKO TUPU

Hapa alternatere haina kosa. Kuna kitu kinakula usiku. Zimeni kila kitu, mutoe funguo, mufunge milango. Toeni kose ya minus, muweke balbu ndogo ya volti 12 kati ya kose na kichwa cha batri. Balbu ikiwaka, kuna mlaji. Toeni fizibu moja moja. Ile inayozimisha balbu ndiyo inaonyesha nyumba ya mlaji: radio, taa ya ndani, ao waya uliovuliwa. Kama mumetoa zote na balbu bado inawaka, fungueni waya ya alternatere. Balbu ikizima, diodi inavuja. Waya ile musiiache iguse chuma, na mutoe kose zote mbili kabla ya kuirudisha.

Lakini kuna mlaji mwingine tunayemjua wote. Mlinzi anafunga taa kwenye batri ya gari, mwenye radio anakuja, majirani wanaleta simu. Tuhesabu pamoja. Taa ya wati 10, pamoja na radio na simu za wati 11, ni wati 21. Gawa kwa volti 12: karibu ampere 1,75. Kwa masaa 12 ya usiku ni ampere-saa 21. Kama batri ni ya ampere-saa 60, umekula zaidi ya theluthi moja kwa usiku mmoja. Asubuhi gari inakwenda dakika 20 mpaka soko, inazima. Dakika 20 haziwezi kurudisha ampere-saa 21. Usiku wa pili wanakula tena.

Batri ya gari imetengenezwa kwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu kujazwa pale pale. Kuikausha kila usiku kunaiua. Ikikaa tupu wiki nyingi, ndani ya risasi yake kunaota chumvi nyeupe ngumu, na chumvi ile hairudi tena kuwa nguvu. Hatusemi watu wasichaji simu. Tunasema koperative inunue batri ndogo ya sola na paneli yake kwa kazi hiyo, na batri ya gari iachiwe gari.

KAMA CHAJI INAPITA KIPIMO

Dalili ni maji ya batri kuisha kila wiki, harufu ya yai bovu, balbu kuungua ovyo ovyo. Badilisheni regilatere haraka. Maji ya kuongeza ni yale ya batri tu, yasiyo na madini. Si ya bomba, si ya chemchem, si ya mvua iliyopita kwenye bati. Yafunike bamba za risasi, yasijae mpaka juu. Musiongeze asidi kwenye batri ya zamani: kinachopotea ni maji, asidi inabaki.

MAMBO YA KUKATAZA

Musitoe kose ya batri moteri ikizunguka. Wazee wetu walifanya hivyo na dinamo, kwa kuona kama gari itazima. Kwa alternatere, volti zinaruka juu na kuchoma diodi. Mlikuwa na ugonjwa mmoja, sasa ni miwili.

Musivute sigara wala kuleta taa ya petroli karibu na batri inayochajiwa. Inatoa hewa ya idrojeni, na hewa ile inalipuka. Asidi ikigusa ngozi ao jicho, maji mengi, dakika 15 ao zaidi, kisha kituo cha afya. Watoto wasicheze na batri iliyokufa, na risasi yake isiyeyushwe jikoni: ni sumu.

Na kusukuma si dawa. Moteri ya dizeli ya zamani inahitaji umeme kidogo sana ikishawaka, ndiyo maana gari inaweza kutembea miezi bila chaji na hakuna anayejua. Shofere anaiegesha juu ya kilima, asubuhi anaiachia ishuke. Wakati ule moteri imezima, na msaada wa freni haupo. Ikikataa kuwaka katikati ya mteremko, na watu wamekaa juu ya magunia, itasimamishwa na nini?

KITABU CHA GARI

Mukishamaliza vipimo, andikeni. Daftari moja linatosha, likae kwa sekretere. Siku batri ilinunuliwa, bei, jina la aliyeileta, na alama ya rangi isiyofutika juu ya batri yenyewe, ili kila memba aitambue. Kisha kila siku ya kwanza ya mwezi, shofere na memba mmoja wa komite wanapima pamoja na kuandika namba tatu tu: volti za asubuhi, volti za wakati wa kuwasha, volti moteri ikizunguka.

Namba hizo tatu zinamlinda shofere. Kama mwezi wa tatu chaji ilikuwa 14,2, mwezi wa ine 13,5, mwezi wa tano 12,9, kila mtu anaona kwamba chaji ilikuwa inashuka polepole, na kwamba mkanda ao sharbo ziangaliwe sasa, mbele ya mavuno. Hakuna wa kushitaki, kuna kazi ya kufanya. Na kama kweli batri ilibadilishwa kwa siri, alama ya rangi itasema.

Upande wa feza, kila komite ihesabu yenyewe. Chukueni bei ya batri kwenye soko lenu, mugawe kwa bei ya gunia moja la maharagwe. Namba mutakayoipata ndiyo magunia mnayoyatupa kila mara mnaponunua batri bila kupima. Chukueni tena bei ya mkanda, ya balbu ndogo, ya sharbo, mufanye vile vile. Someni namba hizo mbele ya mkutano.

Wakati gari inapumzika kati ya misimu, ijazeni batri kwanza, mutoe kose ya minus, na kila mwezi muichaji tena. Batri iliyolala imejaa inaamka. Iliyolala tupu, mara nyingi haiamki.

Kama mumepima na hamuelewi namba, pelekeni daftari kwa animatere wenu siku ya kikao. Tutazisoma pamoja. Numero ijayo tutarudi shambani: namna ya kuchagua mbegu ya viazi yenye afya.

Kazi njema, na mavuno yafike sokoni.